Namna ya Kuandaa na Kusoma Rekodi Yako ya Machapisho na Manukuu bila Kuchanganya Dagaa na Sangala

Katika mwalo wa Kibirizi, mjini Kigoma, muuza dagaa hahesabu samaki wake mmoja mmoja. Huwapima kwa ndoo au kwa kilo, ilhali mwenye sangala anaweza kuwahesabu kwa vidole na kumtajia kila mmoja bei yake. Mtu akitokea na kutangaza kwamba wa kwanza ni tajiri kwa kuwa ana samaki elfu kumi, na wa pili ni maskini kwa kuwa ana kumi tu, mwalo mzima utamcheka. Hata hivyo, hesabu ya namna hiyohiyo hufanyika bila kicheko katika kamati za kupandisha vyeo na za kugawa fedha za utafiti, pale manukuu ya mwanahisabati yanapowekwa kando ya manukuu ya mtafiti wa malaria, kisha mwenye tarakimu kubwa akahesabiwa kuwa ndiye mwanasayansi bora.

Mwongozo huu unamhusu mtafiti wa hapa kwetu, awe anachunguza samaki wa Ziwa Tanganyika, udongo wa Kasulu, afya ya mama na mtoto au historia ya Ujiji, ambaye ametakiwa kuwasilisha orodha ya machapisho yake pamoja na ushahidi kwamba kazi zake zimetumiwa na wengine. Manukuu, kwa maana inayotumika hapa, ni idadi ya mara ambazo kazi yako imetajwa katika orodha za marejeleo za kazi nyingine. Kazi iliyo mbele yako ina sehemu mbili, na mpangilio wake haupinduliki: kwanza kusafisha rekodi yenyewe, kisha kuisoma ndani ya uwanja wako wa taaluma. Wengi hurukia ya pili, nao hujikuta wakitetea au kulalamikia tarakimu ambazo tangu mwanzo hazikuwa zao.

Kuikusanya rekodi

Anza na faili zako mwenyewe, si na intaneti. Fungua jedwali kwenye kompyuta na uandike kila ulichochapisha, kila kazi katika mstari wake: majina ya waandishi kwa mpangilio uleule uliochapwa, mwaka, kichwa cha makala, jina la jarida au kitabu, juzuu, kurasa, na namba ya utambulisho wa kudumu ya makala, ile iitwayo DOI, endapo ipo. Ongeza safu moja ambayo watu wengi huisahau, nayo ni ya kueleza kwa maneno machache ulifanya nini katika kazi hiyo. Tenganisha makala za majarida yenye uhakiki wa wataalamu, sura za vitabu, makala za makongamano na ripoti, kwa sababu kila uwanja huzipa uzito tofauti na hutaki kuja kuzitenganisha usiku wa kuamkia siku ya mwisho wa maombi.

Tatizo litakalokuchosha kuliko yote ni jina. Mtanzania ana jina lake, la baba na la babu, lakini mifumo ya majarida ilijengwa kwa ajili ya watu wenye jina la ukoo lisilobadilika. Makala ya kwanza unaweka jina la baba mwishoni, ya pili unaweka la babu, mhariri wa ya tatu anafupisha kila kitu kuwa herufi za mwanzo, na mwanamke aliyeolewa katikati ya safari yake ya utafiti huenda akaongeza jina la nne. Mashine ikikutana na hayo yote inahesabu watu wanne. Kinyume chake pia hutokea: ukiwa na jina la mwisho kama Juma au Ramadhani, mfumo wa kujaza orodha wenyewe utakutunuku kazi za watu usiowajua, na wapo wanaoziacha zikae. Makala yangu ya pili ilichapishwa na jarida moja majina yangu yakiwa yamepinduliwa, nayo ikakaa miaka minne katika wasifu wa mtu asiyekuwapo duniani, ikimkusanyia manukuu kwa utulivu kabisa.

Tiba yake ni kuchagua namna moja ya kuandika jina lako na kutoiacha, kisha kujisajili ORCID, mfumo ulioanza mwaka 2012 na ambao humpa kila mtafiti, bila malipo, utambulisho wa tarakimu 16 usiotegemea jina wala mwajiri. Jisajili kwa anwani yako binafsi ya barua pepe pamoja na ya taasisi, kwa sababu utahama taasisi siku moja na anwani ile itafungwa. Weka utambulisho huo kila unapowasilisha mswada, na uruhusu kazi mpya ziingie zenyewe kutoka kwa wachapishaji.

Baada ya hapo ndipo uingie katika hifadhidata. Ya kwanza ambayo kila mtu huifahamu ni Google Scholar, iliyoanza mwaka 2004, ambayo hukusanya karibu kila kitu chenye sura ya kitaaluma, zikiwamo tasnifu, ripoti na vitabu. Ni karimu lakini chafu. Scopus, iliyoanzishwa mwaka huohuo na kampuni ya Elsevier, na Web of Science, inayotokana na faharasa ya manukuu ya sayansi ambayo Eugene Garfield aliizindua mwaka 1964 huko Marekani, huchagua majarida ya kuyaingiza, kwa hiyo ni safi zaidi lakini huacha nje sehemu kubwa ya kinachochapishwa Afrika na karibu yote yanayoandikwa kwa Kiswahili. OpenAlex, iliyofunguliwa mwaka 2022, ni ya bure kwa kila mtu na inafaa sana kwa mtafiti ambaye taasisi yake hailipii usajili wa hizo mbili. Makala moja inaweza kuwa na manukuu 30 katika ya kwanza, 17 katika ya pili na 21 katika ya mwisho, na hakuna anayedanganya, kwa kuwa kila moja inahesabu ndani ya mkusanyo wake. Lililo kosa ni kuchukua tarakimu ya juu kutoka kila mahali na kuzijumlisha.

Pitia kila hifadhidata ukilinganisha na jedwali lako. Unganisha nakala za kazi moja zilizoorodheshwa mara mbili, kwa mfano andiko la awali na makala iliyochapishwa rasmi. Futa kazi zisizo zako hata kama zina manukuu mengi. Na pale usipoweza kurekebisha mwenyewe, tumia fomu ya marekebisho ya hifadhidata husika ukiambatisha DOI. Kama uliwahi kuingia mkenge wa jarida la kilaghai, lile linalochukua ada na kuchapisha bila uhakiki wowote, usiifiche makala hiyo. Iweke katika orodha lakini nje ya kundi la makala zilizohakikiwa. Mjumbe wa kamati akiigundua mwenyewe, atazitilia shaka na nyingine zote.

Kuzihesabu tarakimu za msingi

Zipange makala zako kutoka yenye manukuu mengi hadi yenye machache. Tuseme una makala tisa, na manukuu yake ni 41, 23, 17, 9, 6, 6, 4, 1 na 0. Jumla ni 107. Fahirisi ya h hupatikana kwa kushuka katika orodha hiyo ukihesabu nafasi, na kusimama kwenye nafasi ya mwisho ambayo manukuu yake hayapungui namba ya nafasi yenyewe: makala ya sita ina manukuu 6, kwa hiyo inapita, ya saba ina 4, kwa hiyo haipiti. Fahirisi yako ni 6. Kipimo kingine ambacho Google Scholar hukionyesha, cha makala zenye manukuu 10 au zaidi, kwako ni 3.

Fahirisi ya h ilipendekezwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, na ilipendwa upesi kwa sababu inataka wingi wa kazi na kutumiwa kwake kwa pamoja. Kinachosahaulika ni kwamba Hirsch mwenyewe, katika makala ileile, alionyesha kwamba fani hazilingani. Kwa upande wa fizikia aliyeongoza alikuwa Edward Witten mwenye 110, na kwa upande wa sayansi za uhai alikuwa Solomon Snyder mwenye 191. Hakuna mtu mwenye akili timamu aliyesoma jedwali hilo akahitimisha kwamba Witten ni nusu ya mwanasayansi. Tahadhari nyingine mbili zinatosha: fahirisi hii haishuki kamwe, kwa hiyo humpendelea aliyeanza zamani hata kama ameacha utafiti, na haioni tofauti kati ya makala yenye manukuu 41 na yenye 4,100, ilimradi imeshavuka mstari.

Kuzisoma tarakimu ndani ya uwanja wake

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na ndipo ninapomwomba msomaji asiharakishe. Nyanja za sayansi hutofautiana kwa manukuu kwa sababu za kawaida kabisa ambazo hazihusiani na ubora. Orodha ya marejeleo ya makala ya biolojia ya molekuli huwa ndefu, ya hisabati huwa fupi. Katika tiba, makala hunukuliwa ndani ya miezi michache na kuzeeka upesi. Katika hisabati au uainishaji wa viumbe, inaweza kungoja miaka kumi ndipo ipate anayeihitaji. Uwanja wenye watafiti wengi hutoa makala nyingi zinazoweza kunukuu. Wanasayansi ya kompyuta huchapisha matokeo yao makubwa katika makongamano, wanahistoria katika vitabu, na hifadhidata zilizojengwa kwa ajili ya majarida huwaona wote hao nusunusu. Makala inayoeleza mbinu ya maabara hunukuliwa kila mara mbinu inapotumika, na ndiyo maana makala ya Oliver Lowry na wenzake ya mwaka 1951, kuhusu kupima kiasi cha protini, ilikuwa imeshapita manukuu 300,000 kufikia mwaka 2014, huku ugunduzi mwingi uliopewa Tuzo ya Nobel ukiwa mbali nyuma yake.

Mfano ulio karibu nasi ni wa dagaa. Kila andiko la kisayansi linalomtaja dagaa wetu huandika jina lake kamili, Stolothrissa tanganicae Regan, 1917, yaani linamtaja mtaalamu aliyempa jina na mwaka aliofanya hivyo. Lakini mara nyingi andiko la Regan halimo katika orodha ya marejeleo mwishoni, kwa kuwa desturi ya fani haidai hivyo, na mashine husoma orodha tu. Vivyo hivyo kwa migebuka, aliyepewa jina na Boulenger mwaka 1914. Mtu anayetumia maisha yake kubainisha aina za samaki wa ziwa hili, ambalo jamii moja tu ya samaki wake, ile ya kuhe na wenzake, ina aina zaidi ya 200, anatumiwa na kila mtafiti anayekuja baada yake na bado rekodi yake ya manukuu huonekana kavu. Ukiwa wewe ni mtu wa uainishaji, jambo hilo ulieleze waziwazi katika maombi yako, kwa sababu mjumbe wa kamati aliyetoka katika tiba hatalibuni mwenyewe.

Njia ya kurekebisha tofauti hizo ni kugawanya. Filippo Radicchi, Santo Fortunato na Claudio Castellano walionyesha mwaka 2008 kwamba manukuu ya kila makala yakigawanywa kwa wastani wa makala za uwanja uleule na mwaka uleule, mtawanyo wa nyanja mbalimbali hukaribia kufanana, na ndipo kulinganisha kunapopata maana. Scopus hutoa kipimo cha aina hiyo kikiwa tayari, ambapo 1.00 ndio wastani wa dunia, lakini unaweza kukikadiria mwenyewe. Chukua makala yako moja, tuseme ya ikolojia ya samaki ya mwaka 2016 yenye manukuu 18. Tafuta katika OpenAlex makala nyingine za mada hiyo, za mwaka huohuo na za aina hiyohiyo, kwa maana makala ya utafiti usiipime na makala ya mapitio ambayo kwa kawaida hunukuliwa zaidi. Ukikusanya 40 pamoja na yako na kukuta wastani wake ni 12, makala yako ina 1.5. Mwenzako wa malaria mwenye manukuu 36 katika kundi lenye wastani wa 45 ana 0.8. Tarakimu yake ghafi ni mara mbili ya yako, lakini ndani ya uwanja wake yuko chini ya wastani na wewe uko juu.

Usiridhike na wastani peke yake, hata hivyo, kwa sababu manukuu hayagawanyiki kwa usawa: makala chache huzoa mengi na nyingi huambulia machache. Katika kundi lile la 40, jumla ni manukuu 480. Ikiwa makala moja tu ina 160, ukiiondoa, wastani wa 39 zilizobaki unashuka hadi karibu 8. Ndiyo maana ni salama zaidi kuzipanga zote na kusema makala yako imeshika nafasi ya ngapi. Ikiwa ni ya nane kati ya 40, imo katika asilimia 20 za juu, na kauli hiyo haiyumbishwi na jitu moja lililo kileleni. Makala zisizotimiza miaka mitatu ziache nje ya hesabu hii, hasa katika nyanja za mwendo wa polepole.

Ugumu unaobaki ni kuamua makala ni ya uwanja gani, na hapa sijawahi kuona hifadhidata isiyokosea. Mwaka 2003 zilitoka makala mbili kuhusu kuongezeka kwa joto la Ziwa Tanganyika na athari zake kwa uhai wa ziwa, moja ya Catherine O'Reilly na wenzake katika jarida la Nature, nyingine ya Piet Verburg na wenzake katika Science. Je, hizo ni za tabianchi, za elimu ya maziwa au za uvuvi? Majarida yaliyozichapisha ni ya sayansi zote, kwa hiyo jina la jarida halisaidii, na ukibadilisha kundi la kulinganisha, kipimo hubadilika. Unapokutana na makala ya namna hiyo katika rekodi yako, taja kundi ulilolitumia na sababu yake, au pima kwa makundi mawili na uonyeshe matokeo yote mawili.

Kuhusu kigezo cha athari cha jarida nitasema kwa ufupi: kinahesabu manukuu ya mwaka mmoja kwa makala zilizotoka katika miaka miwili iliyotangulia, ukigawanya kwa idadi ya makala hizo, na kwa hiyo kinaeleza jarida, si makala yako iliyomo ndani yake. Azimio la San Francisco la mwaka 2012, linalohusu namna ya kutathmini utafiti, lilitaka kisitumike kumpima mtafiti mmojammoja. Kamati ikikidai, kiandike, usikijengee hoja.

Waandishi wenza, na kujinukuu

Nafasi ya jina nayo haina maana moja. Katika tiba na biolojia, wa kwanza ndiye aliyefanya kazi kubwa na wa mwisho kwa kawaida ndiye kiongozi wa kundi. Katika hisabati, majina hupangwa kwa alfabeti na hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Katika fizikia ya chembe, makala moja ya mwaka 2015 ilikuwa na waandishi 5,154, na kila mmoja wao hupata manukuu yake yote. Ile safu ya jedwali inayoeleza ulifanya nini inaanza sasa kukulipa.

Hapa kwetu liko jambo la nyongeza. Utafiti wa sokwe umekuwa ukiendelea Gombe tangu mwaka 1960 na Mahale tangu mwaka 1965, na utafiti wa namna hiyo huwategemea sana wanaowafuata wanyama msituni na kujaza takwimu za kila siku, ilhali katika sayansi za nyanjani kwa jumla watu wa kazi hiyo huishia kwenye aya ya shukrani, ambayo hakuna hifadhidata ya manukuu inayoihesabu. Ikiwa ulianza hivyo kabla ya kuwa mtafiti, orodhesha shukrani hizo katika kifungu chake; na ikiwa sasa wewe ndiye unayeongoza mradi, zungumza na wasaidizi wako kuhusu uandishi kabla boti haijaondoka Kibirizi, si baada ya mswada kukubaliwa.

Kujinukuu si dhambi, kwa kuwa anayeendeleza kazi yake hana budi kuitaja, lakini toa hesabu mbili, moja ikiwa na manukuu uliyojipa na nyingine bila hayo. Scopus ina kitufe cha kuyaondoa. Kwingineko itakubidi upitie orodha kwa macho.

Kuandika kauli ya mwisho

Usiwasilishe tarakimu zikiwa uchi. Kila moja iandamane na chanzo chake, tarehe uliyoipata na kundi la kulinganisha. Chagua makala tatu hadi tano, si zaidi, na kwa kila moja andika aya fupi ukieleza tatizo ililoshughulikia, ulichofanya wewe, na nani ameitumia, yakiwamo matumizi yasiyoingia katika hifadhidata, kwa mfano ripoti ya halmashauri au kanuni za uvuvi. Aya kama hii itamtosha mjumbe asiyejua chochote kuhusu samaki: «Kwa mujibu wa OpenAlex, tarehe 4 Februari, makala hii ya mwaka 2016 ilikuwa na manukuu 18, matatu kati yake yakiwa yangu mwenyewe. Miongoni mwa makala 40 za utafiti za mada hiyo na za mwaka huo, ilishika nafasi ya nane, na ya kumi manukuu yangu yakiondolewa. Nilibuni utaratibu wa kuchukua sampuli, nikaongoza ukusanyaji wa takwimu katika mialo minne na kuandika rasimu ya kwanza.» Hifadhi jedwali la makala hizo 40 pamoja na maombi yako, kwa sababu yupo atakayeuliza umeipataje namba nane, na hapo utamfungulia faili badala ya kubishana naye.